Mpishi Aliyekataa Kuweka Kidole

Mimi si mtu wa subira. Nilikuwa hivyo nikiwa msichana, nikawa hivyo nikiwa mwalimu, na hata sasa nimestaafu, mtu akinieleza jambo kwa kuzungukazunguka namwambia afike. Nasema hivi mapema ili nisije nikaonekana mama mpole aliyeonewa na dunia. Katika habari hii aliyekosa ni mimi.

Nilipelekwa upande wa Makueni mwanzoni mwa miaka ya themanini, kufundisha biolojia na kemia katika shule ya harambee iliyokuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Mukuyuni. Nilitoka nchi ya baridi, ya majani chai na matope, ambako mtoto anajua mto ni kitu chenye maji mwaka mzima. Huku nilionyeshwa mto, nikaona mchanga mtupu. Nikauliza maji yako wapi. Nikaambiwa, "Chini. Chimba." Nilicheka, halafu nikagundua nacheka peke yangu.

Ilikuwa shule ya kutwa. Walimu wengine wote walikuwa wenyeji, na Ijumaa kengele ya mwisho ikilia, walikuwa wanapanda baiskeli zao kabla mlio haujaisha. Saa kumi na moja shule nzima ilikuwa upepo na mbuzi wa watu. Mimi nilibaki katika chumba changu cha mabati kilichokuwa kikilia ta! ta! jua likizama na bati likipoa. Niliwahi kusahihisha madaftari ya kidato cha pili mara mbili, ili tu Jumapili iishe. Niliwahi kwenda getini kumuuliza askari ni saa ngapi ilhali saa ninayo mkononi. Huo ndio upweke, nautaja kwa jina lake. Kwetu nilikuwa sina mama tena, baba alikuwa ameoa mke mwingine, na barua nilizokuwa nikiandika zilikuwa ndefu kuliko nilizokuwa nikijibiwa.

Aliyenitoa humo alikuwa mpishi wa shule. Mama wa miaka hamsini na kitu, mjane, shemasi wa kanisa lililokuwa juu ya kilima, mwenye mikono mikubwa na mdomo usiopumzika. Alikuwa akiishi katika chumba nyuma ya jiko, jirani na changu, maana kwa wakwe zake hakuwa na pahali. Jumamosi yangu ya pili hapo alinikuta nikinawa uso kwa beseni lililojaa.

"Ala! Mwalimu, hiyo yote ni ya uso?"

"Kwani ni ya nini?"

"Hiyo ni ya uso, ya vyombo, ya miguu, halafu ya kumwagilia nyanya. Nyinyi watu wa milima mtatumaliza."

Akacheka, akaingia bila kukaribishwa, akaweka mezani sahani ya isyo, yaani mahindi na maharagwe, iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Alikaa mpaka giza likaingia. Toka siku hiyo Jumamosi zikawa zetu. Tulikuwa tunaenda soko la Mukuyuni pamoja, tunarudi na mboga, tunapika kwake, tunakula katika sahani moja. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza na Kikamba changu kilikuwa cha kuchekesha, lakini tulielewana. Alikuwa ananiita "mwiitu wakwa", binti yangu. Mara ya kwanza aliponiita hivyo nilijifanya naingiwa na moshi machoni.

Sasa niseme juu ya ile sayansi.

Wanafunzi wangu walikuwa wanakariri. Ukimuuliza mtoto majani ni ya kijani kwa nini, anasimama wima, anafumba macho, anakutolea ukurasa mzima na nukta zake. Ukimwambia aende nje alete jani, anashtuka. Ilikuwa inaniudhi kweli kweli. Nikakumbuka kwamba nikiwa chuoni, mchana mmoja aliletwa afisa wa polisi aliyekuwa akifanya kazi ya alama za vidole, akatuonyesha jinsi mtu anavyoacha habari zake kila anapogusa. Daftari la siku hiyo nilikuwa nalo bado. Nikaamua, kila Jumatano baada ya masomo, nitawafundisha wanaotaka sayansi ya kutafuta ushahidi: alama, nyayo, wino, nyuzi.

Wa kwanza walikuja tisa. Nikawapa bilauri sita safi, nikawaambia mmoja wao ashike moja, nikatoka nje. Niliporudi nikachukua masizi niliyokwangua kwenye taa ya koroboi, nikayapaka polepole kwa brashi ya kunyolea ndevu. (Nilipoinunua sokoni, muuzaji aliniuliza kama ni ya mume aliyepo au anayetafutwa.) Masizi yakashika kwenye mafuta ya ngozi, na pale palipokuwa patupu pakatokea kidole kizima, mistari yake yote. Nikakibandua kwa selotepu nikakibandika kwenye karatasi nyeupe. Halafu nikawapanga, kila mmoja akaweka kidole kwenye pedi ya wino niliyoazima ofisini, tukalinganisha. Wa saba ndiye. Msichana akapiga kelele, "Mwalimu, nilishika kidogo tu!"

Basi, Jumatano iliyofuata walikuwa ishirini, na kabla ya muhula kwisha walikuwa arobaini, wengine wamesimama dirishani. Wakajua alama ya kitanzi, ya mviringo, na ya upinde. Wakawa wanapima nyayo za akala, vile viatu vya matairi, vumbini na kuniambia nani alipita na kama alikuwa amebeba mzigo. Nikiwaona vile, nilijisikia mtu. Lazima nikiri hilo pia. Nilikuwa nimepata kitu ambacho ni changu katika nchi ambayo hakuna kitu kilichokuwa changu.

Wao ndio waliokipa kile chama chetu cha Jumatano jina. Walikiita kithitu cha mwalimu.

Kithitu ni kiapo cha Wakamba. Watu wawili wakigombania shamba au ng'ombe, na kila mmoja anasema mwenzake ni mwongo, hupelekwa mbele ya kitu cha kuapia, na kila mmoja hukigonga kwa kijiti akitamka maneno yake. Mwongo atakufa. Na si yeye tu, watu wa mji wake wataisha mmoja mmoja. Nilikuwa nimesikia hayo juu juu, kama mgeni anavyosikia mambo ya watu. Nilipoona watoto wanacheka, na mimi nikacheka. Nikachukua chaki nikaandika jina hilo kwenye mlango wa maabara, herufi kubwa.

Mpishi alikuja siku ile ile, bado ameshika mwiko.

"Mwalimu, futa lile neno."

"Ni mchezo wa watoto, mama."

"Hilo halichezewi. Futa."

"Haya, nitafuta."

Sikufuta. Niliona nikifuta watoto wataniuliza kwa nini, nami sikuwa na jibu. Halafu nikasahau. Neno likakaa pale mlangoni muhula mzima.

Shule ilikuwa na hadubini moja. Wazazi walikuwa wameichangia kwa mbuzi, kuku na magunia ya mbaazi, na siku ilipoletwa walipanga mstari, wazee kwa vijana, kila mtu achungulie mguu wa nzi. Tuliiweka kwenye kabati la milango ya vioo ndani ya maabara. Funguo zote za shule zilikuwa zinatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko, kwa sababu jikoni ndiko kulikokuwa na mtu kutwa nzima. Jumatatu moja, msimu wa mvua ya Novemba, nilifungua maabara nikakuta kabati limefungwa vizuri, na ndani hamna hadubini. Mara ya mwisho kuiona ilikuwa Jumatano.

Hedimasta alikuwa mtu mwema mwenye woga. Alishika kichwa. "Wazazi wakisikia watatula wabichi," akasema. Akatembea, akarudi. "Lakini mwalimu, wewe si una ile sayansi yako?"

Nilifurahi. Hadubini imepotea, watu wana wasiwasi, na mimi moyo ulinidunda kwa furaha kwamba nimeulizwa mimi. Nikapaka masizi kwenye kioo cha kabati mbele ya wanafunzi wangu wa Jumatano. Vidole vilivyofutikafutika vilikuwa vingi. Lakini kimoja kilikuwa safi kabisa, kidole gumba, kitanzi kilichoelekea kushoto, na juu yake mstari wa kovu. Nikakibandua. Wakashangilia kama tumeshinda mpira.

Siku ya pili yake hedimasta aliamuru walimu wote, wafanyakazi wote, na wanafunzi wote wa chama changu waje maabara kuweka kidole. Niliketi nyuma ya meza na pedi na karatasi zangu. Walimu waliweka huku wakitaniana. Askari wa geti aliweka huku midomo ikimcheza kwa maombi, na kijana mmoja kwenye mstari akasema kwa sauti, "Mzee, ukidanganya unakufa!" Darasa likaangua kicheko. Nikasema nyamazeni, lakini nilisema huku natabasamu.

Halafu akaja mpishi. Akasimama mbele ya meza, mikono ameificha ndani ya aproni.

"Karibu mama. Ni kidole gumba tu."

"Mimi nimesema sikuchukua."

"Najua. Ni ili tumalize orodha."

"Kama neno langu halitoshi, kidole kitaongeza nini?"

Nikasema, kwa ile sauti ya kumwelewesha mtoto, "Mama, si uliweka kidole ulipochukua kitambulisho?"

"Kitambulisho kiliniuliza mimi ni nani. Hii yako inaniuliza kama mimi ni mwizi, na mlangoni umeliandika jina lake. Hicho ni kiapo, mwalimu. Mimi nilishaapa mara moja katika maisha yangu. Nikaokoka, nikasema basi. Siapi tena, hata kwa ukweli."

Angekuwa mtu mwingine ningemwelewa labda. Lakini alikuwa yeye, mtu wangu, na alikuwa ananikatalia mbele ya watoto arobaini kazi ambayo ndiyo iliyonifanya nionekane. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nikasema, "Asiye na hatia haogopi."

Aliniangalia. Aligeuka akarudi jikoni, na siku hiyo chakula kilikuwa tayari saa saba kamili kama kawaida.

Nililinganisha vidole vyote mchana ule. Nikavirudia. Hakuna hata kimoja kilichofanana na kile cha kioo. Jumatano, kwenye chama, msichana aliyekuwa na akili kuliko wote, ambaye nilimpenda kwa sababu alikuwa anauliza maswali, alikwenda ubaoni bila kuitwa. Akaandika majina ya walioweka vidole, akayakata moja baada ya jingine. Likabaki neno moja chini: Mpishi. Akachora mviringo. "Kama si hawa wote, mwalimu, ni aliyekataa. Tena funguo ziko kwake."

Hesabu hiyo ilikuwa na shimo la kupitisha ng'ombe. Orodha yetu ilikuwa ya watu wa shule, na dunia ina watu wengine. Mtu asiyeweka kidole hajathibitisha chochote, amekataa tu. Nilijua. Katika daftari langu la chuo ilikuwa imeandikwa na kupigiwa mstari. Ningesema sentensi mbili tu.

Nilisema, "Vizuri. Keti."

Hedimasta aliniita ofisini. "Mwalimu, sayansi inasemaje?"

"Inasema alama ile si ya mtu yeyote aliyepimwa."

Ilikuwa kweli tupu. Alingoja niongeze, sikuongeza. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, akachukua kalamu.

Mpishi alifukuzwa kazi Ijumaa, akapewa hadi Jumapili awe ametoka katika kile chumba cha nyuma ya jiko. Habari zilikuwa zimefika kanisani kabla yake, na shemasi mwenzake akamwambia ingekuwa vizuri apumzike kidogo kuhudumu. Jumamosi asubuhi nilimsikia akifunga vitu vyake. Ukuta wa bati hauzuii sauti. Nilikaa kitandani nikiwa na viatu mguuni, kama mtu anayejiandaa kutoka, na sikutoka. Na niseme hili wazi, maana ndilo ninaloandikia haya yote: nilimwamini kuwa mwizi. Si mwezi mzima. Siku tatu hivi. Nilimwazia akiifunga ile hadubini katika leso, nikawaza nani ameinunua, nikakumbuka vicheko vyake nikavitafutia maana. Alipita mbele ya dirisha langu na sanduku mgongoni, kamba yake imepita juu ya paji la uso. Nilikuwa nyuma ya pazia. Hakusimama.

Askari wa geti ndiye aliyeniambia mengine, wiki moja baadaye, nilipomwendea na kikombe cha chai akakataa kukipokea. Aliniambia akiwa ameangalia barabara. Kwamba mume wa yule mama alipokufa, shemeji zake walidai shamba. Wakamtaka aape kithitu kwamba mpaka ni pale mume wake alipokuwa akisema ni pale. Akaapa, kwa sababu mume alimwambia hivyo na yeye alimwamini. Kabla ya mwaka kwisha akazika watoto wawili.

"Yeye hajui kama alidanganya," askari akasema. "Marehemu ndiye aliyejua. Unaelewa, mwalimu? Mtu anaweza kuapa na moyo safi na bado ikamrudia."

Nikarudi na chai yangu.

Sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa zile wiki. Kabla yake nilikuwa mpweke kwa sababu sikujua mtu. Sasa nilikuwa mpweke na kila mtu ananijua. Mpishi mpya alinipakulia bila kuniangalia. Jumamosi sikwenda sokoni, nililala mchana, nikaamka kichwa kikiuma, nikasikiliza bati. Kwenye chama walibaki sita, halafu wanne. Yule msichana mwenye akili aliacha kuuliza maswali, na nilijua ni kwa nini, lakini hatukuzungumza.

Baada ya wiki tatu, mwenyekiti wa kamati ya shule akaingia getini na pikapu ya abiria, amevaa kofia yake, uso umejaa furaha. Kwenye kiti cha mbele alikuwa amepakata kitu kilichofungwa katika blanketi.

"Mwalimu! Chombo chenu kimenipa heshima Kitui nzima!"

Akafungua. Ilikuwa hadubini.

Alikuwa ameichukua kuipeleka harambee ya shule ya kwa wakwe zake, huko Kitui. Alitaka kuwaonyesha watu wa huko kwamba watu wa huku, pamoja na njaa zetu, tumenunua macho ya kuona mguu wa nzi, ili waone haya watoe vizuri. Wakatoa. Halafu mvua ikanyesha, mto ukajaa, barabara ikakatika, naye akakaa kwa wakwe zake akila mbuzi na hadubini ikiwa chini ya kitanda. Nikamuuliza funguo alipata wapi. Akanishangaa.

"Si ziko kwenye msumari? Nilikuja ile Jumamosi ya soko, nikakosa mtu. Sasa mwalimu, mwenye nyumba anabisha hodi kwake?"

Hakuwa mtu mbaya. Aliichangia ile shule mbuzi sita, aliona kila kilichomo ni chake kidogo. Nikaleta pedi ya wino, nikamwomba kidole gumba. Alikibonyeza kwa nguvu, kama anapiga muhuri. Kitanzi cha kushoto, na kovu la panga. Wale wanafunzi wanne waliokuwepo wakapiga makofi. Walikuwa watoto, sayansi imefanya kazi, walifurahi.

Nilikwenda nyuma ya maabara nikalia mpaka nikatapika. Ile Jumamosi ya soko! Tulikuwa Mukuyuni, mimi na yeye. Wakati mwenyekiti anatoa funguo msumarini, mpishi alikuwa amenibebea mfuko wangu wa viazi kwa sababu nilikuwa nalalamika mkono unauma. Kama ningekaa chini nikafikiri, badala ya kupaka masizi, ningekumbuka alikuwa wapi kila saa ya siku zile. Nani alijua siku zake kuliko mimi? Nilirudi nikafuta lile neno mlangoni kwa kitambaa kilichoroweshwa maji. Lilikuwa limekaa sana, liliacha weupe.

Hedimasta aliandika barua ya kumwita arudi kazini, na radhi juu. Hakujibu. Tukasikia yuko Makindu, kwa dada yake, anapika katika hoteli ya barabarani. Shule ilipofungwa Desemba, nilikwenda. Nilipanga maneno yangu njia nzima. Nitamwambia ukweli wote, nilisema, mpaka ule wa nyuma ya pazia. Ndiyo kazi iliyonipeleka.

Hoteli ilikuwa ya mbao, upande wa pili wa barabara kutoka hekalu la Masingasinga, malori ya Mombasa yamejipanga nje yakinuka dizeli. Aliniona kabla sijamwona.

"Karibu, mwalimu."

Alinionyesha meza. Hakuuliza nitakula nini, alileta wali na maharagwe na kipande cha nyama, akaketi mbele yangu akijipangusa mikono. Alikuwa amekonda. Nikamweleza: mwenyekiti, Kitui, mto, kidole. Alikuwa ameshasikia. Aliniacha nimalize hata hivyo.

"Nisamehe, mama."

"Niliwasamehe wote kabla sijafika barabara ya lami. Wokovu wangu hauna njia nyingine."

"Basi rudi. Hedimasta anakungoja. Mimi nakungoja."

"Hapa nina kazi." Akatazama nje, akarudisha macho. "Mwalimu, nikuulize neno moja. Hedimasta mimi simlaumu, yeye hanijui. Wale wengine ni watoto. Lakini wewe tulikula sahani moja. Sikuambii uape, nakuuliza tu. Wewe, moyoni mwako, ulifikiri nilichukua?"

Aliuliza bila ukali wowote. Naamini hata leo kwamba alitaka tu kujua, na kwamba alikuwa tayari kwa jibu lolote. Ningesema ndiyo, angenyamaza, pengine angelia, halafu angeniuliza kwa nini, na tungekuwa na mahali pa kuanzia. Nilikuwa nalo hilo neno mdomoni. Nilikuwa nimelibeba kutoka Mukuyuni.

"Hapana, mama," nikasema. "Hata siku moja."

Akaniangalia kwa muda, kama anavyoangalia maharagwe kabla hajayatia maji, akitafuta mawe. Niliona amelipata jiwe.

"Haya," akasema. "Kula, kitapoa."

Dereva mmoja akaitisha chai kutoka mlangoni. Akainuka kumpelekea, na hakurudi kwenye meza yangu.